Baba Katika Ubora wa Juu

Alhamisi, 12 Juni

Kifaa kimefika! Kidogo kama kiberiti. Ukikiunganisha kati ya king'amuzi na kompyuta, kila kinachoonyeshwa kwenye runinga kinahifadhiwa kwenye kompyuta, tena kwa picha ang'avu ile ile. Hapa Igoma sijasikia mwingine mwenye nacho. Nimekiweka kabatini, juu ya Biblia. Selina, mke wangu, amekihamisha. Nimekirudisha.

Jambo lenyewe si la mchezo. Jumapili saa kumi jioni wataonyesha kipindi cha ngoma za Wasukuma kilichopigwa picha Kisesa mwaka jana. Baba yumo. Mzee Mayala, mcheza bugobogobo, jembe mkononi, njuga miguuni. Alifariki Machi. Picha pekee tuliyo nayo ni ile ya kitambulisho, na humo anaonekana kama mtu aliyekamatwa.

Na Mama hakumwona Baba miaka yake mitatu ya mwisho. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Siku ya kuaga mwili alimpapasa uso kwa vidole, taratibu, kama anayechagua mchele. Jumanne anafanyiwa upasuaji kwenye kambi ya macho. Ameniomba kitu kimoja tu: akifunguliwa bandeji, amwone mume wake akicheza. Nimemwahidi. Mimi ndiye mtoto wa kwanza.

Ijumaa, 13 Juni

Amekuja shemeji Jonathan, mume wa dada yangu Odeta. Kasema ya nini kujisumbua, yeye ataelekeza simu yake kwenye runinga na kurekodi, basi, kazi imekwisha. Picha ya picha! Nimemjibu kwa upole kwamba Baba si tangazo la sabuni. Simu yake ni nzuri, nakiri. Hilo ndilo linalonikera zaidi.

Odeta naye akauliza kama kipindi hakitawekwa mtandaoni. Hakiwekwi. Nilishapiga simu kuuliza. Kinaonyeshwa mara moja, kimepita.

Kuna jambo sikuweza kulisema mbele ya dada yangu. Baba alicheza upande wa Bagika. Ukoo wa Jonathan ni Bagalu. Makundi haya mawili ya ngoma yameshindana tangu enzi za babu zetu, kila moja na dawa zake, kila moja likivuta watazamaji upande wake. Leo nimkabidhi Mgalu sura ya Mgika? Baba akianza tu kucheza, mkono wa Jonathan utatikisika. Si lazima iwe kwa makusudi. Jonathan mwenyewe hajawahi kucheza ngoma yoyote, anauza saruji. Lakini damu haiulizi kazi.

Jumamosi, 14 Juni

Majaribio. Nimerekodi taarifa ya habari. Safi! Jasho la mtangazaji linahesabika.

Selina kachungulia, akaonyesha alama nyekundu pembeni. Kasema kompyuta inakaribia kujaa, nipunguze ubora wa picha au nifute mechi zangu za mpira. Mechi zangu! Nimezikusanya kwa miaka. Nimemwambia Baba hakuwa mtu wa ubora wa chini. Kasema mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi. Nimemkumbusha kwamba sisi ni Wakatoliki.

Nimeamua kesho nianze kurekodi saa nane. Hawa watu wa runinga siwaamini, wanaweza kuanza kabla ya wakati. Chelewa chelewa utakuta mwana si wako.

Jumapili, 15 Juni



Saa nane kamili nikabonyeza. Taa ya kijani ikawaka. Ndugu walipoanza kuingia nikapita na beseni kukusanya simu zote. Nikawaeleza kwamba mawimbi ya simu yanaharibu kurekodi. Si uongo kabisa, yanaweza kuharibu, nani ajuaye? Jonathan aliitazama simu yake kwa muda, kisha akaiweka na zingine. Nikafunika beseni kwa kanga, nikalifungia chumbani. Niliona raha sana.

Mama tukamkalisha mbele kabisa. Alivaa gauni lake la Pasaka. Kasema anaona mwanga tu, lakini mwanga huo unamtosha kwa leo.

Saa kumi kipindi kikaanza. Mara upepo wa ziwani! Picha ikavunjika vipande vipande. Dishi letu limefungwa juu ya mwamba nyuma ya nyumba, na nati moja imelegea tangu Krismasi. Nikakimbia. Nikapanda mwamba. Nikalishika dishi kwa mikono miwili, nikalisukuma kidogo, na ndani watu wakapiga kelele za furaha. Jonathan akapaza sauti dirishani: hapo hapo, shemeji, nisisogee hata kidogo!

Sikusogea. Mbuzi wa jirani alikuja kunitazama, nikabaki vile vile. Nikasikia ngoma. Nikasikia njuga. Halafu vigelegele, na sauti ya Mama juu ya sauti zote akimwita Baba kwa jina. Wote walimwona. Mama alimsikia. Mimi nilikuwa nimekumbatia dishi, natazama mapaa ya Igoma. Inauma. Siwezi kuandika zaidi ya hapo.

Niliposhuka walikuwa wanafuta machozi. Odeta kasema Baba alitabasamu, tena karibu kabisa na kamera, meno yote nje. Sijawahi kumwona Baba akitabasamu hivyo.

Nikaenda kwenye kompyuta. Taa ya kijani imezimika. Maandishi madogo yanasema nafasi imejaa. Rekodi ina saa mbili za matangazo ya magodoro na mhubiri, kisha mwanzo wa kipindi, kisha miguu. Miguu ya mchezaji. Kamera inaanza kupanda, inafika magotini, basi!

Jonathan akauliza kama imeingia. Nikasema yote.

Jumanne, 17 Juni

Jonathan amempeleka Mama kwenye kambi kwa gari lake la saruji, mimi pembeni. Kwenye benchi Mama kaniuliza kama nimemhifadhi baba yangu vizuri. Nimemjibu yupo. Akanishika mkono, akasema sasa haogopi kisu. Nilitamani ardhi inimeze.

Upasuaji umekwenda salama. Nimerudi, nimeifungua na kuifunga kompyuta mara nyingi. Magoti ni yale yale.

Jumatano, 18 Juni

Amefunguliwa bandeji. Anaona!

Tulikusanyika kwangu. Kwanza alitutazama sisi. Kamwambia Selina amekonda. Kamwambia Jonathan kumbe ana kipara, na tangu lini? Mimi alinitazama muda mrefu, kisha akageukia skrini.

Niliruka magodoro. Niliruka mhubiri. Ikaja miguu, njuga, vumbi la Kisesa. Magoti.

Nilingoja Jonathan aseme neno. Hakusema. Afadhali angesema.

Mama akaniambia nirudishe. Nikarudisha. Akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo, akaonyesha kidole gumba cha mguu wa kushoto. Hakina kucha. Akacheka. Kasema kucha ile iliondoka na jembe mwaka waliooana, Baba akilima huku anamtazama yeye kisimani. Mama alimfunga jeraha kwa pindo la kanga, na ndipo alipomkubali moyoni. Akaniambia nirudishe tena. Na tena. Odeta alikuwa analia waziwazi.

Mwisho akauliza: na uso?

Nikasema uso haukuingia.

Akasema haya.

Basi, hilo tu. Akaweka kiganja kwenye skrini, pale juu ya magoti, palipo peusi, akakaa hivyo kidogo. Halafu akaomba maji. Mimi nilikwenda bafuni, nikafungulia bomba, nikalia mpaka ndoo ikajaa.

Jonathan na Odeta wamemchukua akapumzike kwao Kisesa, maana dawa ya matone ni kila baada ya saa chache na Odeta ana mkono mtulivu. Mlangoni Jonathan kaniambia pole, shemeji. Pole! Ndivyo Bagalu wanavyoshangilia.

Ijumaa, 20 Juni

Nimetafakari siku mbili, na nimegundua jambo. Ile kucha! Angeionaje kwenye picha ya simu? Asingeiona. Ni ubora wa juu uliomrudishia Mama kidole cha mume wake. Kwa hiyo njia yangu ilikuwa sahihi. Kilichopungua ni nafasi tu. Nimefuta mechi moja, ile tuliyofungwa.

Na Mungu si Athumani! Wametangaza marudio. Watazamaji wengi wameomba, kipindi kitaonyeshwa tena kesho Jumamosi, saa nne hadi saa nne na nusu asubuhi, mara ya mwisho. Nimekwisha kaza nati ya dishi.

Mchana Jonathan kapiga simu. Amesikia kuna marudio, lakini hakusikia muda. Kauliza ni saa ngapi, ili Mama akae mapema mbele ya runinga yao na macho yake mapya. Kasema Mama tangu jana hajala vizuri kwa furaha, na gauni la Pasaka limeshapigwa pasi.

Runinga yao ni ndogo, ya zamani, ina mstari katikati. Baba aonekane mara ya kwanza kwenye kitu kile? Sebuleni kwa Mgalu? Hapana. Mama atamwona hapa kwangu Jumapili baada ya misa, uso mzima, meno yote, na atakayemwonyesha ni mtoto wake wa kwanza.

Nimemwambia Jonathan ni saa tano.