Mfumo wa Asili wa Hajjat Insaf

Wagdi, fundi wa kompyuta, alimwona Hajjat Insaf tangu ngazini, kaikumbatia laptopu kifuani kama mtu abebaye mgonjwa, na moyo wake ukajaa huruma ileile aliyonayo paka kwa samaki.

"Karibu, mama. Nani anaumwa?"

"Mjukuu wangu kanifutia Windows," alisema Hajjat. "Kaweka mfumo wa bure, una picha ya ngwini. Sasa programu yangu ya kufundishia Kurani haifunguki, na wanafunzi wangu wako Kuwait, wananisubiri Jumamosi."

Wagdi aliigeuza laptopu, akaipapasa, akashusha pumzi.

"Mfumo wa asili ni kama jino la ukubwani, mama. Ukishang'oka hauoti tena. Itabidi niuagize Dubai."

"Dubai ni pauni ngapi?"

"Tutaelewana. Wewe niachie tu, njoo Jumatano."

Sasa, Dubai ilikuwa chini ya kidole chake. Watengenezaji wengi wa laptopu huficha nakala ya mfumo wa asili katika pembe ya mashine yenyewe. Unawasha, unabonyeza kitufe kimoja, unakwenda kunywa chai. Ukirudi unakuta mashine kama siku ilipotoka kwenye boksi. Kwa kitufe hicho Wagdi alikuwa amelipia kodi ya duka, pale soko la kompyuta la Bab al-Luk, Kairo, miaka mitatu. Safari hii kingemnunulia pete. Alhamisi alitakiwa kwenda kwa kina Rawiya kuisoma Fatiha ya uchumba, ambayo ikishasomwa mapatano yamefungwa, na baba yake Rawiya, ami Farghali, alikwisha kuwafukuza wachumba wawili kwa ubahili wao.

Akabonyeza kitufe. Kioo kikabaki cheusi. Akabonyeza tena, kwa heshima zaidi. Mjukuu alikuwa ameifagia hata ile pembe ya siri.

"Mtoto huyu hakulelewa," alisema Wagdi, kwa uchungu wa kweli.

Basi ikambidi afanye kazi aliyodai kuifanya miaka yote hiyo. Alisoma namba iliyobandikwa chini ya laptopu, akaiombea nakala katika tovuti ya mtengenezaji. Intaneti aliazima kwa jirani yake Sidhom, kwa sahani mbili za koshari. Nakala ilikatika njiani mara mbili, ikaanza upya mara mbili, na koshari zikawa sita. Alinunua flashi mpya. Ngwini aliondoka Jumanne jioni. Windows ilipofunguka, safi, Wagdi alihisi kitu kifuani ambacho hakukitambua upesi. Kilikuwa fahari. Akapandisha bei.

Jumatano asubuhi aliingia ami Farghali, eti alikuwa anapita tu. Akaketi, akapewa chai ya mnanaa, akakagua hata vumbi la rafu. Kabla hajaimaliza, Hajjat akatokea mlangoni.

"Imepona, mwanangu?"

"Imepona, mama. Mfumo wa asili wenyewe."

Hajjat akaiwasha, akafungua programu yake, akasikiliza aya mbili, akaifunga. Kisha akafungua pochi.

"Nikupe ngapi?"

Kila mtu Kairo anajua mwendo wa jambo hili. Fundi husema, acha, hii juu yetu. Mteja huapa kwamba haiwezekani. Fundi husema tena, mteja huapa tena, na ya tatu ndipo bei hutoka, na huwa si ndogo. Mbele ya baba mkwe mtarajiwa, Wagdi aliona aiseme ile ya kwanza kwa sauti pana.

"Acha, mama. Hii juu yetu."

"Juu yenu?"

"Wallahi. Kuja kwako kunatosha."

Hajjat alifunga pochi.

"Mungu akubariki, mwanangu," akasema, akatia laptopu kwenye mfuko, akashuka ngazi.

Wagdi alibaki na mkono hewani. Ami Farghali alikuwa anamtazama kwa jicho jipya.

"Kijana mkarimu," alisema. "Mimi ningemtoza."

Alhamisi Wagdi alikwenda na boksi la keki za basbusa na mfuko mtupu. Sebule ilijaa wajomba na mashangazi, na kwenye kochi kubwa kaketi Hajjat Insaf.

"Dada yangu mkubwa," alisema ami Farghali. "Alitaka akupime kwanza."

"Tumeshajuana," alisema Hajjat. "Fundi wa Dubai huyu."

Wagdi akakaa, taratibu, kama mtu anayekalia yai. Ami Farghali akakohoa, akaweka mkono kifuani.

"Mwanangu, sisi hatuuzi binti. Sisi tunanunua mwanamume. Hatutaki kitu kwako."

Hayo nayo kila mtu anayajua. Baada ya maneno hayo hufuata orodha: pete, friji, mapazia ya vyumba vitatu. Orodha yenyewe ilikuwa ikichungulia kwenye mfuko wa shati la ami, na vidole vyake vilikwisha kuifikia.

"Hamtaki kitu, ami?" aliuliza Wagdi.

"Wallahi, hata kimoja."

Wagdi alisimama, akambusu kichwani.

"Mungu akubariki, ami. Wazee mmesikia. Tusome Fatiha."

Akainua viganja. Wajomba, kwa mazoea, wakainua vyao. Mkono wa ami Farghali ulisita mfukoni, maana Fatiha haikatizwi. Hajjat, shangazi mtu, akamtazama Wagdi kwa mara ya kwanza kama mtu anayemtazama mwanafunzi mwerevu, kisha akaianza yeye, kwa sauti yake ya ualimu, polepole, bila kuacha kuvuta hata irabu moja, mpaka nduguye akautoa mkono mfukoni ukiwa mtupu, akaufungua.