Kijidudu cha Paka wa Shangazi

Jumatatu, 3 Machi
Shangazi, aliyenilea tangu nina miaka sita, amelazwa hospitalini kwetu. Homa kali, mkono umevimba. Daktari anadhani ni kidonda cha kawaida. Mimi nimeona vitobo viwili kwenye kidole cha shahada. Meno ya paka wake! Kijidudu adimu, naapa. Miaka kumi na moja maabara, sijagundua hata kimoja.

Jumanne, 4 Machi
Fomu ya vipimo ina mstari unaouliza kama mgonjwa anafuga mnyama. Nimeuacha wazi. Makusudi! Miwani, mwenzangu wa meza ya pili, husoma kila fomu. Akinusa habari za paka atanipiku. Damu ya shangazi nimeiotesha mwenyewe kwenye kisahani, vijidudu vizaliane vionekane, nikakisukuma mwisho kabisa wa kabati la joto.

Jumatano, 5 Machi
Kisahani kitupu. Vijidudu hivi ni vivivu. Daktari kaniuliza kama nina fununu yoyote, maana dawa haisaidii. Nikasema tuvute subira. Shangazi yeye anauliza nani anamlisha paka wake. Nikaenda kumlisha, nikajaribu kumfuta mate kwa pamba, nipate ushahidi. Akaniuma. Mnyama hana shukrani.

Ijumaa, 7 Machi
Kidole cha shangazi kimekuwa cheusi. Nilifika hadi mlangoni kwa daktari, nikageuka nikarudi maabara. Kisahani kilikuwa kimeanza kuonyesha vidoa. Siku moja tu zaidi!
Kumbe Miwani aliuona ule mstari mtupu, akapanda wodini kumuuliza shangazi mwenyewe. Dakika mbili. Dawa imebadilishwa, na Miwani kapongezwa mbele ya maabara nzima. Nilipiga makofi na mimi.

Jumamosi, 8 Machi
Homa imeshuka. Kidole kimekatwa. Ndicho alichokuwa akinionyeshea herufi nilipojifunza kusoma. Alinishika kwa mkono mzima, akasema, "Usijilaumu, mwanangu. Wewe ungejuaje?"
Nikatoka nikalia chooni. Sijawahi kujichukia hivi.

Jumatatu, 10 Machi
Nina homa. Mkono umevimba pale paka aliponiuma. Miwani kauliza nina nini, nikamwambia nimebanwa na mlango. Nimejitoa damu, nimeiotesha, nimejaza fomu yangu kwa mkono wa kushoto.
Ule mstari wa mnyama nimeuacha wazi, ila safari hii nimeandika jina la wodi ambayo Miwani hapandi. Hanipiku tena!