Bahari Mbili za Wakil

Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyemwambia Wakil, barazani kwetu Mpendae, kwamba siku hizi uchafu wa bahari unaonekana kwa setilaiti, na picha zenyewe ziko mtandaoni, bure. Wakil akisikia neno bure huwa kama paka aliyesikia kisu kikinolewa sokoni. Kesho yake alikuwa Chwaka, kavaa tai.

Kwanza alimwendea Bi Mwatum, mkulima wa mwani. Mwani wake ulikuwa ukioza, na kila aliyemlalamikia alimtaka ushahidi. Wakil akamuuzia ushahidi: picha ya ghuba nzima buluu, ila doa la kahawia linalotokea penye bomba la nyumba ya wageni ya Badrudin. Bi Mwatum akatoa akiba yake yote.

Mchana Wakil akahamia kwenye nyumba hiyo, kwa Badrudin mwenyewe, muuza viungo wa mjini, mtu aliyeona kuomba dua ni rahisi kuliko kutengeneza bomba. Akamwambia wakaguzi siku hizi wanaangalia picha za juu. Kwamba setilaiti haina haya, inachungulia mpaka vyooni. Lakini yeye ana watu wake huko. Akamtolea picha ileile, doa keshalipaka buluu.

Badrudin akaipenda. Ila mtu wa duka ni mtu wa duka. Hata iliki hanunui mpaka atafune moja.

"Maji safi haya?"

"Ya kunywa, mzee wangu."

"Basi oga kwanza, mwanangu. Mali huonjwa."

Maji yalikuwa yamejaa. Wakil akavua suruali, akampa Badrudin amshikie, akaingia baharini na chupi tu, maji mpaka shingoni, anatabasamu kama mgonjwa wa jino. Mwasho ulianzia magotini.

Hapo akatokea Bi Mwatum na picha yake, kaja kumwonesha Badrudin kabla hajaipeleka kwa sheha, mkubwa wa kijiji. Wakaziweka pamoja. Ghuba moja, tarehe moja, bahari mbili. Badrudin hakuhitaji kuambiwa ipi ya kweli; bomba ni lake.

"Pesa yangu imo kwenye suruali hiyo," Bi Mwatum akasema.

"Ichukue, bibi. Na fundi wa bomba nnampigia sasa hivi. Kwa sheha tusifike."

"Tutafika. Na fundi aje."

Wakaondoka, na suruali wakaondoka nayo. Ufukweni wakaja mashoga zake Bi Mwatum, wanawake wenzake wa mwani, wakatandika mkeka wao, wakakaa kufunga mbegu za mwani, nyuso zimeelekea baharini.

"Jamani," Wakil akaita kutoka majini, "nirushieni kanga. Hata iliyochakaa."