Bahari Yangu ya Noonkopir

Leo nimeanikwa, tena mbele ya baba mkwe mtarajiwa. Msicheke kwanza.

Mnajua niko na tanki ya samaki kwa sitting room hapa Noonkopir, Kitengela. Samaki wa baharini, wa manjano na wa bluu. Mwenye aliniuzia aliapa wametoka Mombasa. Chumvi ya kutengeneza maji ya bahari sikununua. Mtu anunue chumvi na anaishi Kitengela? Maji ya borehole ya huku ina chumvi, inaacha sufuria nyeupe, na sabuni unasugua mpaka mkono unachoka na povu haitoki. Nikaona bahari imetufuata hadi mlangoni, nikajaza tanki na hiyo hiyo ya mfereji. (Wakati huo ilikuwa inaleta maana.)

Sasa Nekesa, mchumba wangu, akaenda akamwambia babake nimefuga bahari kwa nyumba. Mzee alifanya kazi bandarini Mombasa mpaka akastaafu, akarudi Bungoma, lakini roho yake iliachwa huko pwani. Akasema anakuja kuona. Na akishaona ndio angesema kama wazee wetu waende kwao kuongea mambo ya mahari, ama tukae.

Nikashikwa na wasiwasi. Nikauliza kwa group ya wafugaji samaki kama tanki ya bahari lazima iwe na skima. Hiyo ni mashine inapuliza hewa ndani ya maji, uchafu unashikana na povu, unapanda kwa kikombe juu, unamwaga. Nusu ya group ikasema bila skima samaki watakufa. Nusu ikasema ukiwa na samaki wachache, badilisha maji kila wiki, inatosha. Wakaanza kutusiana. Mimi nikabaki hapo katikati sijui nishike gani.

Nikaazima skima ya rafiki yangu wa Tuala. Leo asubuhi nikaiosha vizuri na maji safi, ile ya mtungi tunanunua ya kunywa. Ikaisha yote. (Kumbukeni hapo.) Nikaiwasha. Ikanguruma. Povu, hakuna. Nikangoja. Hakuna. Nikajiambia, kama sabuni yenyewe hapa inakataa kutoa povu, mashine itatoa wapi?

Mzee akafika na kofia yake na fimbo, Nekesa nyuma yake. Nikamsalimia kwa mikono miwili, nikamweka kiti mbele ya tanki. Akaangalia sana, akauliza mbona kikombe cha hiyo mashine ni kikavu. Hapo ndio mdomo uliniponza.

"Baba, maji yangu ni safi mpaka mashine imekosa kazi."

Akatingisha kichwa kama mtu ameelewa. Nikajisikia nimeoa tayari. Nikakimbia jikoni kupika chai, na kwa sababu mtungi ulikuwa mtupu, nikakinga ya mfereji. Nikaongeza majani na sukari nyingi, nikaomba Mungu.

Mzee akapiga funda moja. Akaangalia kikombe, akaangalia tanki, akaangalia kikombe tena. Halafu akainuka polepole, akachovya kidole kwa tanki, akalamba.

"Kijana wangu," akasema, "hii chai umepika na maji ya samaki?"

Nikasema hapana, Baba, ni ya mfereji. Nekesa akafunika macho.

"Basi samaki wako kwa maji ya chai. Bahari ukilamba unatema. Na bahari ina povu, nimeiangalia maisha yangu yote. Hii haina povu kwa sababu si bahari. Hawa samaki wangekuwa wa Mombasa wangekufa siku ya kwanza. Hawa ni wa ziwa."

Nikaangalia samaki wangu. Wamenona, wanacheza, hawana habari. Sikujua nifurahi wako hai ama nilie si wenyewe. Mpaka sasa sijui.

Mzee akachukua kofia na fimbo. Nikamsindikiza hadi gate. Hapo akasimama, na nikaona mabega yanatikisika. Alikuwa anacheka kimyakimya, machozi yanamtoka.

"Wazee wenu wakuje," akasema. "Lakini maji ya chai wasibebe. Sitaki mniletee bahari."

Kwa hivyo wale wa group, wacheni kutusiana, jibu limepatikana. Tanki yangu haihitaji skima. Inahitaji bahari.