Kitanda cha Mama Chris

Jumatatu, 3 Machi 2025

Mama Chris, nakusalimu kwa amani ya Bwana. U mzima huko Ugunja? Mgongo je, umepoa tangu ile siku ya kuanguka? Mama yako yuko, na kuku wake wanataga? Mimi niko, kwa neema. Nalala chini.

Simu yangu hupokei. Sikulaumu. Padre ameniambia niandike kila siku kwenye daftari, nisifiche kitu, halafu nikutumie kurasa zote kwa ofisi ya mabasi. Anasema mwanamume akiandika ukweli kila siku, uongo unakosa mahali pa kukaa. Padre hajawahi kuoa. Lakini naandika.

Ukweli wa kwanza. Ile stendi ya kuinulia pikipiki niliyokuambia nimepewa na rafiki, ni ubavu wa chuma wa kitanda chetu. Ule wa upande wako. Niliukata ukiwa kwenye sala za jumuiya. Mahali pake nikasimamisha mtungi wa maji wa lita ishirini, na shuka ikafunika. Ulilala juu ya mtungi wiki mbili bila kujua. Kwa hivyo mtungi haukuwa na makosa. Makosa ni kwamba Jumamosi ile nilikosa maji ya kuosha injini, nikauchomoa.

Mumbua, jirani yetu wa nyuma ya mabati, ameniletea neno lako. Utarudi siku ambayo yeye mwenyewe, kwa macho yake, ataona kitanda kina miguu minne na mbavu mbili. Neno la haki. Kitanda ni chako. Ulikinunua kwa pesa za chama hata kabla hujanijua, ukakipaka rangi ya buluu kwa mkono wako.

Mpango ni huu: nitakitengeneza mwenyewe. Kuchomelea sitaki, kwa sababu mashine ya kuchomelea iko Gatina, kule Kawangware, kwa Gathogo. Unamjua Gathogo. Tulifundishwa ufundi benchi moja, mimi na yeye. Halafu akapata ploti ya baba yake huko huko, akanunua lile boksi jekundu lenye spana za kila namba, na sasa ananiita fundi wa sufuria mbele ya wateja. Afadhali nilale chini mpaka Bwana arudi.

Nitaunganisha kwa bolti. Bolti zinataka matundu. Kutoboa kunataka vaisi ya kubana chuma kisicheze. Vaisi sina.

Vaisi nitatengeneza.

Jumanne, 4 Machi

Vaisi imekamilika! Nzito. Inabana kama dhamiri.

Imekula miguu miwili ya kitanda. Ningefanyaje? Watu wa skrepu wamemaliza chuma chote hapa mtaani Kianda, hata kifuniko cha mtaro wetu kilishaenda. Na kesho ni Jumatano ya Majivu. Nimeamua nitaapa mbele ya Mungu kutogusa kitanda tena Kwaresima yote. Kwa hivyo leo ilikuwa siku ya mwisho, na mtu hutumia siku yake ya mwisho vizuri.

Mumbua aligonga mabati akauliza kama nachinja mtu. Nikamwambia natengeneza kitanda. Akasema ameishi miaka hamsini na hajawahi kusikia kutengeneza kukilia hivyo.

Alasiri akaja Shivachi, yule kijana wa boda anayengojea abiria stegi ya Olympic. Pikipiki haichaji betri, magneto inayotoa umeme lazima itoke. Akaniuliza kama nina pula. Pula, Mama Chris, ni kile kifaa kinachoishika magneto na kuivuta kutoka kwa shafti ya injini. Hakuna njia nyingine. Nikamwambia ninayo. Akauliza mara ya pili kama nina uhakika, maana Gathogo anayo ya dukani. Hapo ndipo aliponiudhi. Nikamwambia ya kwangu ni nene kuliko ya Gathogo.

Alipoondoka nikautazama ubavu uliobaki. Ubavu mmoja bila mwenzake haushikilii chochote, ni chuma tu kimesimama. Nikakata.

Sasa kitanda ni miguu miwili na vile vyuma saba vya kupita katikati vya kubeba godoro, nimevifunga kwa waya. Nimekiegemeza ukutani. Kinafanana na ngazi ya mtu asiye na mahali pa kupanda. Mungu alichukua ubavu mmoja akapata mwanamke. Mimi nimechukua miwili na mwanamke yuko Ugunja.

Jumatano, 5 Machi

Misa ya asubuhi. Majivu. Wewe u mavumbi na mavumbini utarudi. Nikaapa pale pale kwenye benchi: siku arobaini, msumeno wangu hautagusa kitanda cha mke wangu Awiti. Nikatoka mwepesi. Hata njaa ya kufunga sikuisikia.

Nikafunga pula kwenye magneto. Matundu matatu, bolti mbili za kushika na moja ya kusukuma. Nikakaza. Nikakaza tena. Magneto haikusonga hata unywele. Pula ndiyo iliyosonga. Iliinama pole pole mpaka ikapiga magoti, ikawa kama ndiyo imeenda Misa.

Shivachi alikuwa amesimama karibu. Akaniuliza ile nyeusi kwenye paji la uso ni grisi ama ni nini. Nikamwambia ni toba. Akasema sawa mzee, na pikipiki itakuwa lini?

Nikamwambia kesho.

Alhamisi, 6 Machi

Siku mbaya. Andika hivyo, Ogola. Siku mbaya.

Nilipanga vipande viwili vya ubavu mgongo kwa mgongo ili pula isiiname. Vyote vilikuwa vimeshakatwa Jumanne, kwa hivyo kiapo kiko salama. Na kweli haikuinama. Nikaning'inia kwenye spana kwa uzito wangu wote, nikiomba. Ikalia kaa! Nikafikiri magneto imetoka. Kumbe ni bolti. Imekatikia ndani.

 Shivachi alichutama akaikagua bolti. Halafu akasema, "Mzee, hii ilikuja ikitembea."

Akaanza kuisukuma kwenda Gatina. Stegi nzima wakitazama. Nikamsaidia kusukuma mpaka Ngong Road, na hapo akaniambia imetosha, baba, rudi nyumbani. Alisema kwa upole. Afadhali angenitukana.

Nikarudi kwa bolti za kitanda. Drili ya mkono, jasho, mchana kutwa. Nimetoboa matundu mawili. Yanahitajika kumi na sita. Na ubavu wenyewe nitaupata wapi, ikiwa mmoja ni stendi na mwingine ni pula mbili?

Saa kumi na mbili Mumbua akaja mlangoni. Nikasimama katikati ya mlango asione ndani. Akasema umempigia. Akasema atakuja Jumamosi saa nne kuangalia, na kama hakuna kitanda utamtuma ndugu yako na pikapu, achukue vyombo vyako vyote, na mimi nisihangaike kuandika barua.

Nilikuwa nimeshaandika kurasa tatu.

Mvua imeanza. Nimesali Rozari, lakini vidole vinaruka shanga. Nimeweka godoro upande wangu tu. Upande wako sijalala hata siku moja. Sijui kwa nini nakuambia hivyo.

Ijumaa, 7 Machi

Nilikodi mkokoteni asubuhi. Nikapakia stendi, vaisi, pula zote mbili, na ile ngazi. Kitanda kizima, Mama Chris, ila kimechanganyika. Nikavuta mpaka Kawangware. Njiani mtu wa kanisa akaniuliza kama nahama. Nikasema ndiyo, ndugu. Uongo huo nauandika hapa ili nisiusahau kwenye kitubio.

Nilimkuta Gathogo amemaliza pikipiki ya Shivachi. Bolti yangu ameitoboa, magneto ameivuta kwa pula ya dukani, na chai yake ilikuwa bado inatoa moshi. Nilitegemea aniite fundi wa sufuria. Nilikuwa nimeshaandaa jibu.

Akaichukua pula yangu. Akaigeuza. Akakwaruza rangi ya buluu kwa ukucha. Akatazama mkokoteni, akatazama vaisi, nayo ni ya buluu. Stendi, ya buluu. Hakucheka.

"Ogola," akasema, "mimi nikipoteza spana naenda dukani. Mama Chris utamtoa duka gani?"

Lile jibu langu halikufaa tena.

Akaniuliza tangu uondoke ni muda gani. Nikasema wiki tatu. Akavaa miwani yake ya kuchomelea, akafanya kazi mpaka saa nane. Ilibidi akate vaisi ili miguu irudi. Niliposema labda vaisi tungeiacha, tutafute miguu mingine, akainua miwani akanitazama tu. Nikaishikilia vaisi akate. Chuma kilichopungua akaongeza chake, na hakutaka kitu. Akasema nikikosa kifaa niende nimwombe, siku yoyote, hata garaji ikiwa imefungwa. Anakaa hapo nyuma, nigonge tu.

Nilitazama ule mwanga wa kuchomelea bila miwani. Ndiyo maana macho yalikuwa yakitoa maji kutoka Gatina mpaka nyumbani.

Jumamosi, 8 Machi

Mumbua alikuja saa nne kamili, na kitambaa kichwani kama anaenda kanisani. Akahesabu miguu kwa kidole. Minne. Akapitisha mkono kwenye mbavu, huu na huu. Akaketi. Akaruka kidogo akiwa ameketi. Akalala chali, na viatu, akatazama mabati.

Halafu akakupigia. Nilisikia sauti yako. Ukamuuliza kama kinalia mtu akigeuka. Akasema kinalia, lakini si kama mumeo.

Ukaomba kuongea na mimi. Wiki tatu, Awiti! Ukaniuliza kama nimekula. Nikasema nafunga. Ukasema nisifunge sana, nina vidonda vya tumbo. Ukasema utapanda gari Alhamisi jioni. Nilikuwa nataka kusema mambo mengi. Nikasema kuna mvua huku.

Simu ilipokatika niliketi upande wako mpaka mvua ikaisha. Mguu mmoja ni mfupi kwa unene wa kidole. Nimeweka kadibodi. Ni kitanda kizuri.

Jumapili, 9 Machi

Misa. Injili ilikuwa ya majaribu: Shetani akimwambia Bwana ageuze jiwe liwe mkate. Padre alihubiri kwamba si kila kitu kilichoumbwa kwa kazi yake kigeuzwe kiwe kingine. Nilielewa kila neno. Nilitamani Gathogo angekuwepo asikie.

Baada ya chakula akaja Shivachi. Kwangu! Nilishangaa mpaka nikasahau kumkaribisha kiti. Klachi inateleza, na kesho alfajiri ana mama wa kupeleka kliniki, na kwa Gathogo amekuta pamefungwa. Akasema, "Lakini mzee, kama kifaa huna, niambie mapema. Sitakasirika."

Sasa, kufungua klachi kunataka uma wa kuishikilia isizunguke. Gathogo anao. Na aliniambia nigonge siku yoyote. Lakini kumgongea mtu mlango siku ya Bwana, amepumzika na watu wake? Huo si ustaarabu. Wakati huohuo Bwana mwenyewe alisema ng'ombe akitumbukia kisimani siku ya Sabato atolewe. Na ng'ombe huyu ana mgonjwa wa kubeba.

Nikakumbuka kitu. Katekista alitufundisha kwamba Jumapili hazihesabiwi kwenye zile siku arobaini. Hesabu mwenyewe mpaka Pasaka utaona. Kwa hivyo leo kiapo kimepumzika. Halafu nikasoma tena neno lako, nimeliandika hapa Jumatatu: miguu minne na mbavu mbili. Vyuma vya katikati hukuvitaja.

Nilichukua kimoja, cha miguuni. Kilikuwa kifupi. Nikachukua cha pili.

Uma umetoka mzuri, Mama Chris. Wa buluu. Klachi imefunguka kwa mara ya kwanza, ingawa kuna springi moja imeruka na Shivachi bado anaitafuta kwenye mtaro.

Nilipokuwa nakata, Mumbua alikohoa nyuma ya mabati. Nikasimama, naye akanyamaza. Nikaendelea, akakohoa tena. Sasa namsikia anaongea kwa simu kwa sauti ya chini, muda mrefu. Nadhani kuna mgonjwa anamwombea. Mungu ambariki, ni jirani mwema.

Kurasa hizi zinaondoka kesho na basi la jioni. Usiwe na wasiwasi juu ya upande wa miguuni. Nimesimamisha mtungi pale, nimeujaza mpaka juu, na maji yake nimeapa sitayagusa. Vimebaki vyuma vitano. Niambie tu, ukilala, ni vingapi unavihitaji kweli. Naomba unijibu upesi, kabla ya Alhamisi.

Wako katika Bwana,
Ogola