Mufuko ya Vital na Vidole za Mama Agathe

Siku ile ONG moja, shirika ya misaada, ilifunga bureau yake mu Bunia, juu amani imefika na wao wanaenda kutafuta vita fasi ingine, watu walilia kazi. Vital hakulia. Alipita nyuma ya parcelle, kiwanja yao, kwenye walitupa ma-ordinateur, kompyuta za kufa, akabandua etiketi za numéro za kufungulia Windows polepole, sawa mutu anamenya viazi. Etiketi quarante, makumi ine, zote mu mufuko.

Disque za Windows za kukopia alikuwa nazo, za aina mbili, Pro na Home. Shida ni kwamba kila disque inapenda numéro yake, sawa kufuli na ufunguo: numéro ya Pro haifungui disque ya Home. Vital akachukua makasi, akakata majina yote ya aina ku etiketi, akabakisha numéro tu, ili muteja asijue gani ni ya gani. Yeye pia hakujua tena. Lakini kujua ilikuwa ya nini? Anauzisha disque na numéro ya kuandika ku karatasi, etiketi inabaki; numéro inakatala, muteja anarudi, Vital anamuuzishia ingine. Waisraeli walikula mana. Vital alikulaka makosa.

Siku ya mardi akaingia kwa Mama Agathe, mwenye secrétariat, nyumba ya kuandikia watu na kuprinta, mu mutaa ya Saio. Virusi ilikuwa imeua ordinateur yake, na invitation deux cents, mia mbili, za ndoa zilipaswa kutoka mbele ya samedi, siku ya arusi. Bila vile, bibi arusi atavuka barabara, aende kwa Alphonse, mwenye secrétariat ya ngambo. Vital akatia disque, akaandika lettre vingt-cinq za numéro, herufi makumi mbili na tano, na kidole moja, jasho inamutoka. Ikakatala, sawa vile alipenda.

"Mama, machine yako iko na kichwa nguvu. Inaomba numéro ya bei ingine. Iko ku nyumba."

Mama Agathe alikuwa anaangalia ile kidole. "Enda kuileta, mwana wangu. Lakini hapa mutu akitoka, anaacha gage, kitu ya kushika mpaka arudi. Acha mufuko."

Vital akaacha. Mama wa kuandikia watu barua, angejua nini? Akaenda kukunywa kwanza, juu kutafuta kitu yenye haiko kunaombaka wakati.

Kumbe Mama Agathe aliandika ku machine ya chuma, ya kupiga barua, miaka trente, makumi tatu, na macho yake haijaangaliaka clavier, kwenye vidole vinapiga. Akawasha groupe, jenereta yake, akamwaga mufuko: etiketi na disque. Lettre vingt-cinq, kwake ni pumzi moja. Ikikatala, ingine. Ikikubali, anaandika mu cahier, daftari yake: hii na Pro, hii na Home.

Vital alirudi mercredi, kesho yake. Invitation zilikuwa zinakunjwa. Inje, mulolongo ya watu, kila mutu na disque mu mukono, na ku mulango carton yenye kuandikwa: HAPA NUMÉRO INAPATA DISQUE YAKE. Wote walikuwa wateja wake. Wote wakamugeukia.

Mama Agathe akamurudishia mufuko, etiketi quarante, hakuna yenye imepotea. Gage ni gage. Vital akachungulia ndani, akauliza chini chini gani ni ya gani.

"Iko mu cahier, mwana wangu. Panga mulolongo."

Watu walikuwa wanamuangalia sana. Vital akapanga, wa mwisho. Saa yake ilipofika, Mama Agathe akanyoosha mukono bila kuinua macho.

"Kusoma cahier iko na bei. Mufuko," akasema.