Stesheni Iliyokalia Nafasi ya Kitanda cha Mama

Nyumba Namba 14, Thornsby,
Yorkshire.
9 Novemba 1994

Ndugu Mhariri wa gazeti la treni ndogo,

Amani iwe kwako na kwa wote mnaofanya kazi pamoja. Mimi ni mke wa Norris Hebden, yule anayekuandikia kila mwezi uhakiki wa treni za kuchezea, mpya na za zamani. Samahani, nimekatazwa kusema za kuchezea. Ni za mfano. Shule niliiacha nikiwa na miaka kumi na mitano, kwa hiyo nivumilie nikiandika kama ninavyosema.

Mficha maradhi kilio humuumbua. Mama yangu, Bi. Edna, ana miaka themanini na moja na amevunjika nyonga. Hospitali wanamruhusu Jumanne ijayo, na ngazi hawezi kupanda tena. Chumba cha chini tunacho kimoja tu, nacho kimejaa meza ya treni za Norris, yenye stesheni, handaki, kilima na kijito cha gundi. Kitanda hakiingii. Norris asipokitoa chumba hicho, mama atapelekwa nyumba ya wazee kule Leeds, asikojua mtu hata mmoja. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Masanduku. Norris hununua treni mbili mbili, moja ya kukimbia na moja ya kutofunguliwa kamwe. Anayo ya mwaka 1938 ambayo hata uzi wa sanduku haujaguswa. Nikamuuliza, "Sasa utajuaje kama humo ndani kuna treni?" Akanijibu, "Beryl, hiyo ndiyo imani." Mhariri, mimi ni Mmethodisti tangu utotoni. Hata kwetu sanduku la sadaka hufunguliwa.

2. Uhakiki wenyewe umevuka meza. Jumapili moja aliinamia sahani yangu na kile kioo chake cha kukuzia, akatamka, "Rangi ya mchuzi inakaribia ile halisi, ila viazi vimezidi kipimo." Nikavila viazi vyangu. Lakini mchungaji alipomuuliza pale mlangoni mwa kanisa ameyaonaje mahubiri, alisema, "Yanaondoka vizuri, Mchungaji, ila kwenye kona yanakwama. Nyota tatu kwa tano." Tangu Pasaka mchungaji hajaja kwetu kunywa chai.

3. Huo ukweli wenu. Kwenu, kitu ambacho hakikuwepo hakiwekwi mezani. Mwaka juzi Norris alitengeneza mti wa mwaloni kwa wiki tatu, jani kwa jani. Mwenzake wa chama cha treni za mfano akamletea picha ya zamani: mti ule ulikatwa 1957, na meza yetu inaonyesha Thornsby ya 1958. Akaung'oa papo hapo, akawaomba radhi wanachama wote wakiwa wamesimama. Basi nikadhani mtu anayeng'oa mti kwa ajili ya picha atang'oa stesheni kwa ajili ya mkwewe. Thubutu! Alisema, "Serikali iliifunga stesheni ya Thornsby mwaka 1964. Haifungwi mara ya pili na mama mkwe." Nikamwambia, "Na mama alale wapi, wewe mwanamume?" Akasema, "Handaki lina nafasi," akacheka peke yake.

4. Ombi langu. Daktari amesema naye, mchungaji amesema naye, sikio la kufa halisikii dawa. Anachosadiki ni gazeti lako tu. Kwa hiyo nakuomba, kwa heshima zote, uchapishe ukurasa wa mbele kwamba stesheni ya Thornsby haikuwahi kuwepo. Weka na picha ya shamba tupu. Ataing'oa siku hiyohiyo, namjua. Najua pia kuwa ni uongo. Nimeupigia magoti wiki nzima, ndipo nikamkumbuka Rahabu, aliyewadanganya watu wa mfalme ili kuwaokoa wageni wake, na hakulaumiwa.

5. Ukishazoea, tafadhali futa na reli yote ya kaskazini. Jirani yangu Bi. Sugden hajaliingiza gari lake kwenye banda tangu 1987, kwa sababu mumewe amejenga humo daraja. Wake wa chama kizima watakuombea.

Msalimie mkeo, kama bado amebakiwa na chumba. Wasalimie wapiga chapa, na yule bwana anayejibu maswali ya gundi.

Ni mimi dadako katika Bwana,
Beryl Hebden (Bi.)

N.B. Barua hii imekaa mkobani wiki mbili nikitafuta ujasiri wa kuituma, na mama amekwishafika. Tulimketisha mlangoni, akaitazama meza, kisha akafoka, "Norris! Mjinga gani ameitoa treni ya mizigo wakati ya abiria haijaingia?" Kumbe wakati wa vita ndiye aliyekuwa akivuta vyuma vya ishara za kuongozea treni kwenye stesheni hiyohiyo. Mimi nilidhani alikuwa akifagia. Norris amemwita "bosi" tangu hapo, na bila kuombwa alichukua msumeno akakata malisho yote ya upande wa dirishani, kitanda kikae karibu na ishara. Kwa hiyo usichapishe lolote. Mama anasema stesheni ilikuwepo, na atakayekana atakuja kuonana naye na fimbo yake. Nami nimepewa geti la pale barabara inapokata reli mezani, nifungue na kufunga. Jumapili iliyopita niliukosa wimbo wa kwanza kanisani, kwa sababu treni ya saa nne ilikuwa haijapita.